Kwa nini hapa na si pale: Wallace, Ali na popo wa Pemba

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipovuka bahari mara ya kwanza, kutoka Wete, kisiwani Pemba, kwenda Tanga, bara, kwa mjomba aliyekubali kunisomesha. Wiki ile ya mwanzo, kila ikifika magharibi nilitoka uani nikatazama juu. Nilikuwa nangojea popo. Kwetu, jua likishazama, popo wakubwa huondoka mitini wakapita juu ya mapaa na juu ya majamvi ya karafuu, mabawa yakipiga polepole kama ya ndege asiye na haraka. Uso wao ni wa mbweha, shingo ina manyoya ya rangi ya chungwa lililoiva, na bawa hadi bawa hufika mita 1.6. Tanga popo wapo, lakini si hao.

"Mjomba, popo wetu huku hawafiki?"

"Wale wa kwenu, mwanangu. Huku hawapo."

"Kwani huku kuna nini?"

Mjomba akasema Mungu ndiye ajuaye kila kiumbe amemweka wapi. Jibu lile sikuligombania, na hata leo siligombanii. Ila swali halikuniacha. Bahari ile boti ilikuwa imeivuka kwa saa chache tu. Mwenye mabawa anashindwaje?

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa bailojia, nilikutana na habari za mtu aliyelibeba swali hilohilo maisha yake yote, akalizungusha nusu ya dunia. Anaitwa Alfred Russel Wallace. Skuli nilikosoma alipita katika sentensi moja: tulifundishwa jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, Lamarck na shingo ya twiga, tukafundishwa Darwin na uteuzi asilia kwa kirefu, kisha mwalimu akataja kwamba kulikuwa na Mwingereza mwingine aliyefikia wazo lilelile la Darwin. Kengele ikalia. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa, na nawaomba radhi wanafunzi wangu wa miaka hiyo, kwa sababu tuliwapa kipande kidogo kabisa cha mtu huyu. Tuliwapa lile aliloshirikiana na Darwin, tukawanyima lile lililokuwa lake hasa.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji wa Usk, Wales, katika nyumba ambayo fedha zilikuwa zikipungua kila mwaka. Akiwa na miaka 14 alitolewa shule kwa kukosa uwezo, akaenda kufanya kazi na kaka yake, William, ya kupima ardhi. Kazi hiyo naomba uikumbuke, nitairudia. Mwaka 1844 alipata nafasi ya ualimu mjini Leicester, na huko akakutana na kijana mwenzake, Henry Walter Bates, mkusanyaji wa mende. Mwaka 1848 vijana hao wawili, wasio na shahada wala baba tajiri, walipanda meli kwenda mto Amazon. Darwin alipozunguka dunia aligharimiwa na baba yake. Wallace alijigharimia kwa kuuza wadudu na ndege waliokaushwa, akimtumia wakala wake London aliyeitwa Samuel Stevens, ambaye aliwauzia wenye makumbusho na matajiri wapendao vitu vya nadra.

Kule Amazon ndiko alikojifunza jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha urithi wake wote, nalo ni dogo mno ukilitazama juujuu. Ni kibandiko. Wakusanyaji wa zama zile walikuwa wakileta kima aliyekaushwa na kumwandikia "Mto Amazon", basi. Wallace aligundua kwamba hilo halitoshi. Mto ule ni mpana kama bahari, na kima wa ukingo wa kaskazini si lazima awe ndiye wa ukingo wa kusini. Ukiandika jina la mto bila kutaja ukingo, umeficha habari yenyewe. Mwaka 1852 alisoma mbele ya wanasayansi London makala yake kuhusu kima wa Amazon, akaeleza kwamba mito mikubwa ndiyo mipaka ya baadhi yao, na kwamba mahali pa kila kielelezo lazima paandikwe kwa usahihi. Darwin mwenyewe, alipokusanya wale ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos ambao leo wamo katika kila kitabu, hakuwaandikia vizuri kila mmoja ametoka kisiwa gani, na ilimbidi baadaye aombe msaada wa vielelezo vya wenzake wa melini.

Wallace aliposoma makala ile alikuwa ametoka kupoteza karibu kila kitu. Mdogo wake, Herbert, aliyemfuata Amazon, alikuwa amekufa kwa homa ya manjano mwaka 1851. Na tarehe 6 Agosti 1852, katikati ya Atlantiki, meli iliyombeba kurudi kwao, Helen, ilishika moto. Aliokoa kijisanduku cha bati chenye michoro na karatasi chache. Mikusanyo, madaftari, wanyama hai aliokuwa nao, vyote vilizama. Walikaa siku kumi ndani ya mashua wakichota maji yasizame, hadi meli nyingine ilipowaona. Stevens alikuwa amekata bima ya pauni 200, na bila hiyo sijui angekula nini. Mtu mwingine angerudi kupima mashamba. Yeye, mwaka 1854, alishuka Singapore.

Alikaa miaka minane katika visiwa ambavyo leo ni Malaysia, Singapore, Indonesia na Timor Mashariki. Alikusanya vielelezo 125,660, kati yake mende zaidi ya 83,000 na ndege 8,050. Lakini ugunduzi wake mkubwa wa mahali aliupata kwa kukosa meli. Alitaka kwenda Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi, moja kwa moja kutoka Singapore, hakupata chombo, ikabidi apitie Bali na Lombok. Ilikuwa Juni 1856. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba lau angepata safari ya moja kwa moja huenda asingevitembelea kamwe visiwa hivyo viwili.

Bali na Lombok vinatazamana. Siku ya anga safi, ukisimama huku unaiona milima ya kule. Udongo na hali ya hewa ni jamaa. Lakini Wallace alipovuka, ndege aliowaona Bali, wale wa sura ya Asia, hawakuwepo tena, na mbele yake wakawa kasuku weupe wenye kishungi na ndege wa miguu mikubwa wanaofukia mayai yao katika vilima vya udongo na majani, ambao ndugu zao wako Australia. Mkondo mwembamba wa maji ulikuwa umetenganisha dunia mbili. Baadaye aliuchora mpaka huo kwenye ramani, unapita kati ya Bali na Lombok, unapanda kati ya Borneo na Sulawesi. Leo unaitwa Mstari wa Wallace.

Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nisimame kitini. Tazama kina cha bahari, alisema. Java, Sumatra, Borneo na Bali ziko juu ya bahari ya maji mafupi. Maji yakishuka, zote zinaungana na Asia, na chui na kifaru wanatembea kwa miguu. Kati ya Bali na Lombok maji ni ya kina kirefu, hayakukauka. Asiyejua kuruka au kuelea alibaki alipo.

Nikachukua ramani ya bahari yetu.

Kati ya Unguja na Bagamoyo maji ni mafupi, makumi ya mita tu. Zama za barafu, usawa wa bahari ya dunia uliposhuka kwa takriban mita 120, Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa kipande cha bara. Ndiyo maana Unguja ina kima punju, ina paa nunga, na ilikuwa na chui wake. Sasa nenda kaskazini. Kati ya Pemba na Tanga pana bonde la bahari lenye kina cha mamia ya mita. Barafu iliganda, ikayeyuka, ikaganda tena, na Pemba ikabaki peke yake majini. Chui wa porini kwetu hakuna. Kima punju waliopo msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970. Badala yake tuna ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Kisiwa cha kina kirefu huzaa vyake.

Na popo? Popo wetu si wa Afrika kwa asili. Jamii yake imetoka Asia, ikaruka kisiwa hadi kisiwa: Maldives, Shelisheli, Madagaska, Ngazija na ndugu zake, ikafika Mafia, ikafika Pemba. Hapo ndipo mwisho wao upande wa magharibi. Bara la Afrika hawaishi kabisa. Mimi naelekea kuamini kwamba waliikuta bara imekwisha kujaa popo wengine wala matunda, nafasi hakuna, lakini hiyo ni rai yangu. Nililolithibitisha ni hili: nilipokuwa nimesimama Tanga nikitazama juu, nilikuwa nimevuka mstari. Mjomba alisema kweli kwamba wale ni wa kwetu. Hatukujua tu kwamba kwao kwa zamani ni mashariki, kulekule alikokuwa Wallace. Kwenye kisiwa cha Bacan, katika visiwa vya Maluku huko Indonesia, Wallace aliwakuta binamu za popo wetu wakiwindwa na kuliwa, naye akaonja. Akaandika kwamba wakipikwa kwa viungo vingi ni watamu.

Viungo, ndiyo. Hapa ndipo Mpemba anayesoma habari hizi anakaa chini kabisa. Bacan, Ternate, Tidore na visiwa jirani ndiko nyumbani kwa mkarafuu. Kabla Wafaransa hawajaitorosha miche kuipeleka Mauritius katika karne ya 18, na kabla haijafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu yote ya dunia ilitoka huko. Mti ambao bibi yangu aliuchuma hadi vidole vikawa vyeusi ulitoka Maluku. Na barua iliyobadilisha sayansi ilitumwa kutoka huko pia.

Februari 1858 Wallace alikuwa mgonjwa wa homa ya vipindi. Yeyote aliyewahi kulala na malaria anaijua saa ile ya kutetemeka chini ya blanketi wakati nje jua linachoma. Katika hali hiyo alikumbuka kitabu cha Malthus alichokisoma miaka ya nyuma, kuhusu namna njaa na maradhi vinavyozuia watu kuongezeka bila kikomo. Akajiuliza kwa nini wengine wanakufa na wengine wanaishi. Jibu likamjia: wanaosalia ni wale waliofaa zaidi kwa mahali walipo. Homa ilipompungukia aliandika, kwa siku chache akaikamilisha, na kwa barua yenye anwani ya Ternate akampelekea mtu aliyedhani atapendezwa nayo, Charles Darwin. Darwin alikuwa amelikalia wazo hilohilo bila kulichapisha kwa takriban miaka 20. Alishtuka. Rafiki zake, Lyell na Hooker, wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuhudhuria, alikuwa na msiba wa mwanawe mchanga. Wallace alikuwa New Guinea na wala hakuwa ameulizwa.

Watu hupenda kuikuza habari hii iwe ya wizi. Sikubaliani. Wallace alifurahi aliposikia, akakiita kitabu chake cha mwaka 1889 Darwinism, na Darwin naye ndiye aliyehangaika hadi serikali ikampa Wallace malipo ya pauni 200 kwa mwaka kuanzia 1881, kwa sababu mzee yule hakuwahi kupata kazi ya kudumu. Kinachonikera mimi ni kwamba mabishano ya nani alitangulia yamemfunika yule Wallace wa ramani. Kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu mgawanyo wa wanyama duniani ndicho kilichoweka taaluma nzima kwenye miguu yake. Kila anayeuliza leo wapi pawekwe hifadhi, na kwa nini msitu huu na si ule, anapita njia aliyoifyeka yeye.

Lakini njia hiyo hakuifyeka peke yake.

Mwaka 1855, huko Sarawak, kisiwani Borneo, Wallace aliajiri kijana wa Kimalay wa takriban miaka 15. Jina lake Ali. Alianza kama mpishi. Alimfundisha Wallace Kimalay, akamuuguza homa zilipombana, akajifunza kupiga bunduki, kuchuna ngozi za ndege na kuzihifadhi zisioze katika unyevu ule, akajifunza kuendesha mashua. Watafiti waliohesabu wanaamini kwamba sehemu kubwa ya wale ndege 8,050 ilipita mikononi mwa Ali. Oktoba 1858, kisiwani Bacan, Ali ndiye aliyerudi kutoka msituni na ndege wa ajabu amening'inia kiunoni: ana ngao ya kijani kifuani na manyoya meupe mawili marefu yaliyosimama kwenye kila bawa. Alikuwa ndege wa peponi ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Jina alilopewa London ni Semioptera wallacii. Aliyemwona wa kwanza na kumleta ni Ali, na jina likawa la Wallace.

Nasema hili bila kumchafua Wallace, maana yeye alimtaja Ali waziwazi katika maandishi yake, jambo ambalo wasafiri wengi wa zama zile hawakulifanya. Walipoagana Singapore mwaka 1862 alimpa fedha na bunduki zake mbili, na rafiki mmoja akampiga Ali picha. Picha ile ipo hadi leo: kijana amevaa koti la Kizungu, anatazama kamera bila woga. Sisi wa pwani hii tunawajua akina Ali wengi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa India, alitembea na wasafiri wa Kizungu, Speke, Stanley na Cameron, na ndiye aliyejua lugha, njia na bei za vibaba. Majina ya maziwa yakawa ya wengine.

Mwaka 1907 Mmarekani aitwaye Thomas Barbour alikuwa Ternate, na mzee mmoja mwenye makunyanzi akamjia, akamwambia kwamba yeye ni Ali Wallace. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita. Barbour alimwandikia Wallace kumpa habari, na Wallace, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, alimjibu kwa furaha.

Nisiwafiche na mengine. Wallace aliwapiga risasi orangutangu huko Sarawak, wengi tu, kwa ajili ya makumbusho, na baada ya kumuua mmoja akamlea mtoto wake yatima, akimlisha uji wa mchele kwa chupa, akamwogesha na kumpangusa, akaumia kweli alipokufa baada ya miezi kama mitatu. Siwezi kuipatanisha mikono hiyo miwili. Uzeeni alipinga chanjo ya ndui kwa nguvu zote, na mimi niliyemzika jirani kwa surua siwezi kumtetea. Aliamini pia kwamba mizimu huzungumza katika vikao vya gizani, na kwamba akili ya binadamu haikutokana na uteuzi asilia. Wanasayansi wenzake walimwonea haya.

Ila katika jambo la ardhi alikuwa mbele yao. Nilisema nitarudi kwenye kazi yake ya kupima. Alipokuwa kijana alipima mashamba Wales wakati ardhi za pamoja za wanakijiji zilipokuwa zikizungushiwa ua na kupewa wenye nazo. Alishika mnyororo wa kupimia bila kuelewa. Baadaye alielewa, na mwaka 1881 akawa rais wa kwanza wa chama kilichodai ardhi iwe mali ya taifa. Babu yangu alipata eka tatu zake baada ya Mapinduzi ya 1964, zikiwa na mikarafuu kumi na kitu, na ndizo zilizonisomesha. Najua eka tatu zina historia yenye machozi ndani yake pia. Hata hivyo nilipomsoma Wallace juu ya mtu asiye na kipande cha kulima, nilimwona babu amekaa kwenye kibaraza.

Katika visiwa vya Aru, mwaka 1857, akiwa ameshika kwa mara ya kwanza ndege mdogo mwekundu wa peponi, aliandika kwamba uzuri ule umeishi vizazi na vizazi bila sisi kuuona, na kwamba siku tutakapofika kwa wingi tutaumaliza. Akahitimisha kwamba viumbe wote hawakuumbwa kwa ajili ya mwanadamu. Mwaka 1863 alisema kwamba kila spishi ni kama herufi katika kitabu cha historia ya dunia, na herufi chache zikipotea sentensi haisomeki tena.

Popo wa Pemba walikaribia kuwa herufi iliyofutika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa na miti yao kukatwa hadi wakabaki wachache mno. Wanavijiji, Kidike wakiwemo, waliunda vilabu vya kuwalinda, na leo wako maelfu. Walioandika ripoti wana majina yao kwenye majalada. Wazee waliokaa chini ya miti ile usiku kuwazuia wawindaji hawamo.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili Kidike. Kila mmoja alikuwa na daftari lenye safu nilizowachorea: tarehe, saa, kijiji, aina ya mti, upande wa mti, idadi. Mama mmoja wa pale ndiye aliyetuonyesha, kabla yetu sote, popo jike aliyembeba mtoto kifuani kwenye tawi la chini. Mwanafunzi mmoja aliandika kila kitu, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, safu ya aliyeona haipo."

Nikachukua rula, nikaichora. Akamwendea yule mama, akamwamkia, akamwuliza jina lake na la baba yake, na namna ya kuyaandika.